KABLA YA KUPASULIWA SARATANI YA NGOZI: MGONJWA ANATAKA KUJUA NINI?

Wapo wagonjwa ambao hufika hospitalini mapema, uvimbe ukiwa mdogo kama punje ya mahindi. Hupimwa, huandikiwa siku ya operesheni, halafu siku ile ikifika hawaonekani. Hurudi baada ya mwaka mmoja au zaidi, uvimbe umekuwa kidonda kinachonuka, na hapo kazi ya daktari imekuwa kubwa na matumaini yamepungua.

Ni rahisi kusema watu hawa ni wajinga au ni waoga. Lakini ukikaa nao chini ya mti, uwaulize polepole, utasikia sababu zao. Mmoja atakwambia, "Sikujua wanakata nini." Mwingine, "Nilisikia ati kisu kikiigusa saratani inasambaa." Mwingine, "Pesa ningetoa wapi, na nani angebaki na watoto?" Haya yote ni maswali yenye majibu. Yakijibiwa kabla ya operesheni, mtu hurudi siku yake. Yasipojibiwa, hukaa nyumbani na ugonjwa unaendelea.

Katika makala hii tutaeleza mambo ambayo mgonjwa hutarajia na kuyathamini kabla ya kupasuliwa, na jinsi familia na kanisa wanavyoweza kusaidia.

SARATANI YA NGOZI NI YA NANI?

Wengi hapa kwetu hudhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kweli ngozi nyeupe huumizwa na jua haraka. Hata hivyo Mwafrika naye hupata, na kuna watu wa aina tatu ambao tunapaswa kuwaangalia sana.

Kwanza ni ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina melanini ya kutosha, yaani ile rangi inayoikinga ngozi na miali ya jua. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Kwao saratani hutokea zaidi usoni, masikioni, midomoni na shingoni, na inaweza kuanza mtu angali kijana.

Pili ni mtu mwenye kidonda kisichopona au kovu kubwa la moto. Kovu ambalo kwa miaka mingi hupasuka, hufunga na kupasuka tena laweza kugeuka saratani. Daktari mmoja wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika juu ya vidonda vya makovu mwaka 1828, na hadi leo madaktari hukiita kidonda cha namna hii kwa jina lake.

Tatu ni mtu mwenye doa jeusi linalokua chini ya wayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha. Hii huenda ikawa melanoma, ambayo ni kali kwa sababu huenda mbali mapema. Wengi hulipuuza wakidhani walichomwa na mwiba au walijikwaa.

Mtu yeyote mwenye kidonda ambacho hakijapona kwa zaidi ya mwezi mmoja, uvimbe unaotoka damu ukiguswa, au doa linalobadilika rangi na ukubwa, asikae nalo. Aende zahanati aonyeshe.

KWA NINI KISU?

Saratani nyingi za ngozi, zikiwa bado ndogo, hutibiwa kwa kuondolewa zote. Dawa ya majani au krimu ya dukani haiwezi kufuata mizizi yake chini ya ngozi. Huenda ikakausha sehemu ya juu, mgonjwa akafurahi, na huku chini ugonjwa ukaendelea. Kuchoma uvimbe kwa chuma au asidi ya betri ni hatari zaidi, kwa maana huacha kovu linaloficha saratani iliyobaki.

Habari kwamba kisu husambaza saratani si ya kweli. Imetokana na mambo ambayo watu wameyaona wenyewe: jirani alipasuliwa akiwa amechelewa, akafa baada ya miezi michache, na kisu kikalaumiwa. Saratani ilikuwa imekwisha kusambaa kabla kisu hakijafika.

MAMBO SABA AMBAYO MGONJWA HUTHAMINI

1. Kuambiwa ugonjwa kwa jina lake

Mara nyingi jamaa humwendea daktari kando na kumwomba, "Tafadhali usimwambie mzee kwamba ni kansa." Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini mzee si mtoto. Anaona watu wakinong'ona, anaona binti yake akilia jikoni, na akilini mwake anatunga ugonjwa mbaya kuliko ule alio nao. Saratani ya ngozi iliyogunduliwa mapema mara nyingi hupona kabisa, na hii ni habari njema ambayo mgonjwa hawezi kuipata ikiwa amefichwa jina la ugonjwa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo kama daktari anazungumza Kiingereza kitupu, una haki ya kuomba sista au mtu mwingine akutafsirie. Huko si kumkosea heshima daktari.

2. Kujua kitakatwa kiasi gani

Jambo hili huwashtua wengi baada ya bandeji kufunguliwa. Mtu alikuwa na uvimbe wa sentimita moja, sasa ana mshono wenye urefu wa kidole. Anafikiri daktari alikosea.

Tuseme mzee mmoja ana uvimbe mgongoni na amekuja kuuliza.

"Sista, hiki kitu ni kidogo hivi. Mbona mnasema operesheni?"

"Ni kweli, mzee, ni kidogo. Lakini hatuwezi kukata ukingoni kabisa. Unapong'oa magugu shambani, si unachimba na udongo wa pembeni?"

"Nachimba, ndiyo, la sivyo yatarudi."

"Basi ni hivyo hivyo. Ngoja nikuchoree na kalamu uone mahali mshono utakapofika."

Hesabu yenyewe ni hii. Uvimbe una upana wa sentimita 1. Daktari huongeza ngozi inayoonekana nzima kila upande, tuseme nusu sentimita. Sasa upana umekuwa sentimita 2. Tundu la duara likivutwa na kushonwa hivyo hivyo, pembe zake husimama kama masikio. Kwa hiyo hukatwa kwa umbo la jani, urefu ukiwa karibu mara tatu ya upana. Mshono unakuwa sentimita 6. Kwa melanoma ukingo huongezwa zaidi, mara nyingi sentimita 1 hadi 2 kila upande.

Mgonjwa aliyechorewa mstari huu kabla hashtuki. Yule ambaye hakuchorewa huona amedanganywa. Mwombe daktari akuchoree kwenye ngozi yako au kwenye karatasi. Ni kazi ya dakika moja.

3. Kujua atafanana vipi

Katika saratani, jambo la kwanza ni ugonjwa uishe. Kovu linafuata nyuma. Hata hivyo uso ndio mtu anaoutembeza mbele za watu, na mtu aliye na ualbino, ambaye tayari ameangaliwa sana maishani mwake, ana sababu ya kuuliza. Hakuna aibu kuuliza, "Sikio langu litabaki? Nitaweza kufumba jicho? Mdomo utapinda?"

Pengo likiwa kubwa, daktari huweza kuchukua ngozi nyembamba, mara nyingi kutoka pajani, akaipandikiza kwenye kidonda. Mgonjwa aelezwe mapema kuwa atakuwa na vidonda viwili, na kwamba paja huenda likauma kuliko mahali palipopandikizwa. Ngozi hiyo huhitaji kukaa bila kusukumwa, na bandeji ya kwanza kwa kawaida hufunguliwa siku ya tano hadi ya saba. Anayevuta sigara aache kabla na baada, kwa maana moshi hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na pandikizo laweza kufa.

Wakati mwingine inabidi kukatwa kidole au sehemu ya mguu. Hapa tukumbuke habari ya mwanamuziki Bob Marley. Mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu. Alishauriwa kidole kikatwe, naye hakukubali. Inaelezwa kwamba imani yake ilikuwa sehemu ya sababu. Aliondolewa ukucha na nyama ya chini yake, akapandikizwa ngozi. Alikufa tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba angepona kama angekubali. Jambo tunalojifunza ni kwamba mgonjwa ana mambo anayoyathamini kuliko daktari anavyofikiri, na ni lazima yatolewe na kuzungumzwa waziwazi kabla ya uamuzi.

4. Kujua kama ataumia

Uvimbe mdogo hutolewa kwa ganzi. Sindano yenyewe huchoma kwa muda mfupi, kisha mahali pale panakufa ganzi. Mgonjwa yuko macho. Atahisi kuguswa na kuvutwa, na atasikia mlio wa vyombo, lakini uchungu hausikii. Akisikia uchungu aseme, ataongezewa dawa. Wazee wengine huvumilia kimya wakifikiri ndivyo inavyotakiwa. Hapana, usivumilie.

Operesheni kubwa hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Uliza ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu maandalizi yake si sawa.

5. Kujua gharama na siku

Mkulima hupanga. Akijua operesheni ni baada ya wiki tatu na itagharimu kiasi fulani, atajua auze nini na nani amkamulie ng'ombe. Akiambiwa tu, "Njoo Jumanne," huja, hukuta kuna ada ya kulazwa, ya maabara, ya dawa na ya bandeji, na hurudi nyumbani kimya kimya.

Tangu Oktoba 2024 nafasi ya NHIF imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Jisajili mapema, waweza kutumia simu kwa kupiga *147#, na uhakikishe malipo yako hayana deni. Kisha nenda kwenye dawati la SHA hapo hospitalini, uwaulize ni sehemu gani ya operesheni hii inalipwa na ni sehemu gani utaitoa mfukoni. Usingoje kuuliza siku ya kutoka.

Usisahau kuhesabu nauli za kurudi. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za mwilini na miguuni siku 10 hadi 14. Huenda zahanati ya karibu ikakutolea nyuzi hizo na kukuokoa safari, mradi upewe barua.

6. Kusikilizwa, na kuwa na mtu wake

Fomu ya kukubali operesheni si karatasi ya kutiwa kidole gumba haraka mlangoni pa thieta. Ni alama kwamba umeelezwa na umeelewa. Ukiona hujaelewa, sema, "Daktari, naomba unieleze tena." Ukitaka daktari mwingine akuone pia, Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unakuruhusu.

Kuna neno pia kwa akina baba na wakwe. Mama mwenye akili timamu ndiye anayetia sahihi kwa ajili ya mwili wake. Ni vizuri kushauriana nyumbani. Lakini kumngoja shemeji aje kutoka Mombasa ili kikao kikae, na kikao kikaahirishwa mara mbili, ni kumpa ugonjwa nafasi.

Siku ya kwenda kuelezwa, nenda na mtu mmoja unayemwamini, mwenye masikio mazuri. Mtu akisikia neno "saratani" mara nyingi hasikii yanayofuata. Mwenzake ndiye atakayeyakumbuka.

7. Kuombewa bila kuzuiwa

Wapo wahubiri wanaowaambia wagonjwa kwamba kukubali kisu ni kukosa imani. Neno hilo limewafanya wengine warudi nyumbani wakiwa na ugonjwa ambao ungetibika. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Msamaria Mwema naye hakupita tu akiomba, bali aliyafunga majeraha, akambeba majeruhi, akalipa gharama, na akaahidi kurudi. Maombi na matibabu hutembea pamoja. Mgonjwa anayetaka padre au mchungaji amwombee kabla ya thieta aseme, na wauguzi wengi watampa nafasi.

MAANDALIZI YA NYUMBANI

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Dawa zinazozuia damu kuganda, kama aspirini na wafarini, zaweza kuongeza kutoka damu. Usiziache mwenyewe, ngoja uambiwe na daktari. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aulize dawa atumie vipi asubuhi ile.

Kama utalazwa usingizi, kwa kawaida hutakiwi kula kwa masaa 6 kabla ya operesheni, wala kunywa maji kwa masaa 2 ya mwisho. Chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Fuata maneno ya hospitali yako. Kwa ganzi peke yake, mara nyingi unaruhusiwa kula.

Oga kwa sabuni. Usipake mafuta mahali pa operesheni. Vaa nguo pana ambayo haitakwaruza kidonda: shati la vifungo kama ni usoni au shingoni, leso au sketi pana kama ni mguuni. Panga mtu wa kukurudisha. Kubanana kwenye matatu na mguu uliopandikizwa ngozi si jambo zuri.

KIPANDE KILICHOTOLEWA

Kazi haiishi thieta. Kipande kilichokatwa lazima kipelekwe maabara, kwa sababu huko ndiko hujulikana kama ni saratani ya aina gani na kama imetoka yote. Katika hospitali zingine jamaa hukabidhiwa chupa waipeleke maabara wenyewe. Jueni kwamba chupa hiyo ni muhimu kama mgonjwa. Msimwage dawa iliyomo, msiiweke juani, msiikawize nyumbani, na mhakikishe jina la mgonjwa limeandikwa juu yake.

Muulize daktari kabla ya operesheni: majibu yatatoka lini, na nani atanipigia simu? Majibu yakionyesha ukingo bado una saratani, huenda ukakatwa tena. Hiyo haina maana kwamba operesheni ya kwanza iliharibika. Wengine hutumwa kupata miale kwenye hospitali kubwa, kama ile ya Kenyatta, Nairobi, au ya Moi, Eldoret. Mgonjwa aliyeambiwa haya mapema huyapokea kwa utulivu kuliko yule aliyedhani mambo yamekwisha.

KANISA LIFANYE NINI?

Kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuwasindikiza wagonjwa. Kazi yao ni kwenda naye siku ya maelezo, kuandika majibu ya daktari kwenye daftari, kumkumbusha siku, na kwenda kumwona wiki ya kwanza. Harambee ikifanywa, ifanywe kabla ya operesheni. Tumezoea kuchanga sana kwa mazishi na kidogo kwa nauli.

Akina mama wa kanisa waweza kupanga zamu ya kuchota maji na kupika wakati mwenzao amelala. Walimu wa Jumapili wawaweke watoto wenye ualbino kivulini. Na familia zenye mtu mwenye ualbino zimsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo limekuwa likitoa mafuta ya kukinga jua bila malipo kupitia hospitali za serikali. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta hayo hugharimu kidogo kuliko thieta.

MASWALI YA KWENDA NAYO HOSPITALINI

Kata sehemu hii, uiweke ndani ya Biblia yako au umpe jirani anayeihitaji.

1. Ugonjwa wangu unaitwaje?
2. Nisipopasuliwa, itakuwaje?
3. Kuna matibabu mengine?
4. Utakata mpaka wapi? Nichoree.
5. Ni ganzi au usingizi?
6. Nitafanana vipi baada ya miezi sita?
7. Gharama yote ni kiasi gani, na SHA italipa ngapi?
8. Nitakaa siku ngapi bila kufanya kazi shambani?
9. Kipande kitapelekwa wapi, na majibu ni lini?
10. Nikitokwa damu au usaha usiku, nipige simu wapi?

Daktari mzuri hatakasirika ukimwuliza haya. Na wewe unayemjua mtu aliyeandikiwa siku ya operesheni na amenyamaza, mtembelee wiki hii. Usianze kwa kumhimiza. Muulize kwanza ni swali gani kati ya haya kumi hajajibiwa, kisha mwende pamoja mkaliulize.